Yuro Moja kwa Ajili ya Punda

Kamati ya Mambo ya Bure ya jiji la Roma ilikuwa na wajumbe wawili: Nazzareno, fundi viatu, mwenyekiti, na Ottavia, binti yake wa miaka kumi na sita, katibu wa kudumu. Ilikutana kila Jumapili, siku ambayo Ottavia alikuwa wa baba tangu wazazi wake walipoachana. Sheria ya kwanza: mjumbe hatoi hata senti. Sheria ya pili: cha bure hakiharakishwi. Sheria ya tatu: ukiwashiwa taa ya kanisani na mtu mwingine, unatazama picha mpaka taa izime, na kugeuza macho ni utovu wa nidhamu.

Jumapili hiyo ajenda ilikuwa moja tu, na mwenyekiti aliikwepa tangu asubuhi. Mama yake Ottavia alikuwa amepata kazi Trieste, mbali huko kaskazini, na Jumatano angehama.

"Baba yako akiniambia kwa mdomo wake kwamba unabaki kwake, utabaki," mama alikuwa amesema. "Mimi sitagombana na mtu."

Ottavia alitaka kubaki. Ila hakutaka kuomba. Alitaka aombwe yeye, walau mara moja, kama mtu mwenye hadhi yake.

Walipanda kilimani, wakapanga foleni, wakachungulia kuba la kanisa kuu kupitia tundu la ufunguo la lango moja kubwa. "Bado lipo," Nazzareno akatangaza, kama alivyotangaza kila mwezi kwa miaka kumi. Waliposhuka, akainama kwenye bomba la mtaani, lile linalomwaga maji usiku na mchana bila kufungwa, akakinga viganja anywe. Ottavia akaziba mdomo wa bomba kwa kidole. Maji yakachomoka kwa kitundu cha juu, yakampata baba usoni barabara.

Kwa kawaida hapo Nazzareno angemkimbiza mtaa mzima, akiapa kumuuza kwa watu wa sarakasi. Leo alijifuta kwa mkono wa shati.

"Maji ya baridi leo," akasema.

"Nakumwagia maji, unanipa taarifa ya hali ya hewa? Umezeeka, baba?"

"Twende kwa punda."

Punda aliishi ndani ya picha, katika kanisa dogo nyuma ya soko. Alikuwa amembeba Maria kwenda Misri, na uso wake ulikuwa wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu bila kuambiwa kosa. Kumwona kulihitaji taa, na taa ilihitaji sarafu ya yuro moja kwenye kisanduku ukutani: dakika mbili, kisha giza. Kamati ilikuwa na mbinu yake. Walipiga magoti gizani, wakafumba mikono, wakangoja mgeni atumbukize sarafu yake. Kuna mama mmoja wa Kiholanzi aliguswa mno na uchaji wao hata akawapiga picha.

Leo hakuja mtu.

"Wageni wamegoma," Ottavia akanong'ona.

"Nyamaza. Unasali."

"Nasali kweli. Namwombea Mholanzi mwenye sarafu."

Nazzareno hakucheka. Ottavia alimsikia akipekua mfuko, akisimama, akipiga hatua tatu. Kitu kikagonga ndani ya kisanduku. Taa ikawaka, na punda akatokea na masikio yake yote mawili.

"Baba! Sheria ya kwanza!"

"Nimeivunja." Alirudi akapiga magoti. "Nilitaka umwone vizuri. Sijui tutakuja tena lini."

"Kwa nini?" Ottavia akauliza.

"Nilimpigia mama yako jana," Nazzareno akasema.

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba utakwenda. Kule una chumba chako, kina dirisha. Kwangu unalala kwenye kochi, katikati ya viatu vya watu."

"Nani alikwambia nataka dirisha?"

"Ottavia, mwanangu."

"Hukuniuliza. Hata mara moja hukuniuliza!"

"Ningekuuliza, ungesema unabaki."

Taa ikazima.

Walibaki wamepiga magoti gizani. Kisha mlango ukalia, na kundi zima la Wajerumani likaingia kwa kunyata, kofia mikononi. Mzee mmoja akatafuta kisanduku kwa kupapasa, akatumbukiza sarafu, taa ikawaka. Laiti kamati ingevumilia kidogo tu.

Nazzareno, mwenyekiti mtiifu, alikuwa amefumba mikono na kumkazia macho punda, kama sheria ya tatu inavyotaka. Katibu wake hakumtazama punda hata kidogo. Alitazama gundi iliyokauka kwenye ukucha wa kidole gumba cha baba, kola yake iliyokuwa bado mbichi kwa maji ya bomba, na taya lililokuwa likitafuna wakati mdomoni hamna kitu. Alivitazama kimoja kimoja, bila haraka, mpaka taa ilipozima.