Mrija wa Gordy

Jaji alimwamuru Gordy asiendeshe gari lolote lisilo na kile kifaa cha kupulizia, kinachopima pombe kabla injini haijawaka. Pikapu yake ilikuwa nacho. Lakini Ijumaa ile ya samaki wa kukaanga wanaouzwa kanisani, bwana mkubwa aliona haya kupuliza mrija wa kifaa hicho mbele ya foleni nzima ya wanunuzi, akachukua gari la mkewe, Marlys. Katika kile kijiji cha Wisconsin, polisi wanajua gari la kila mtu. Hakufika hata kanisani.

"Lakini sikunywa hata tone," Gordy alilalamika baada ya kuhukumiwa kifungo.

"Ndicho kinachonichoma," Marlys alimjibu. "Ungekuwa umelewa ningelaumu pombe. Huu ni ujinga wako mwenyewe, tena ukiwa na akili timamu. Na gari langu wamelishikilia."

Ijumaa iliyofuata Marlys, ambaye hajawahi kuonja hata bia, alitoka kanisani na samaki wake, akapanda pikapu ya mumewe huku foleni nzima ikimkodolea macho. Padri akamsalimia dirishani. Marlys hakumjibu. Alikuwa na mrija wa Gordy mdomoni.