Mgeni wa Miaka Thelathini na Tisa

Muhannad aliingia Dar es Salaam akiwa na miaka ishirini na mbili, akitokea Mukalla, Yemen, kuja kumsaidia amu yake duka la vitambaa. Amu akafariki, duka likafungwa, naye akahamia Keko akawa fundi wa kuvisha makochi. Huko alimwoa Nunu, wakamzaa Farida, na miaka sita iliyopita akamzika Nunu. Muda wote huo alikuwa mgeni mwenye kibali. Kila kibali kilipokaribia kuisha alifunga karakana, akavaa kanzu yake ya Ijumaa na kwenda kupanga foleni uhamiaji.

Baada ya matanga aliomba uraia. Afisa aliyempokea alimuuliza kwa nini hakuomba zamani.

"Nilikuwaga najiambia mwakani," Muhannad alijibu. "Sasa nimechoka kuwa mgeni, mwanangu."

Afisa hakuandika jibu hilo. Alimpa orodha ya vitu vya kuleta. Kimojawapo kilikuwa tangazo la gazetini, lenye picha yake, likimtaka yeyote mwenye sababu ya kumpinga aiandike na kuipeleka. Tangazo lilipotoka, Muhannad alipita mtaani wiki nzima akitazama nyuso za watu. Muuza chai alimwambia amependeza kwenye picha. Khalfani, seremala wa karakana ya pili, alilisoma gazeti akiwa amesimama, akalikunja, akaingia ndani.

Khalfani ndiye aliyemnyima usingizi. Walikuwa hawasalimiani mwaka wa nane, tangu Muhannad alipompeleka kwenye baraza la kata kwa kuziba mfereji wa nyuma na maranda ya mbao. Na Khalfani huyo huyo sasa alikuwa mjumbe wa kamati iliyotakiwa kusema kama mwombaji anajulikana mtaani.

Siku ya kikao, mtendaji, mama mmoja aitwaye Tusajigwe, alisoma barua kisha akauliza nani anamfahamu mzee huyu. Watu wakatazama chini. Khalfani akasimama taratibu.

"Mie na huyu bwana hatusemezani, mnajua wote," alisema. "Alinishtaki akanishinda. Lakini nilipofiwa na mama yangu alikuja, akabeba jeneza mpaka makaburini, akafukia, akarudi kwake bila kunipa mkono. Mgeni angeninunia hivyo? Huyu ni mtu wa hapa. Mwandikeni."

Nje, Muhannad alimfuata ili amshukuru. Khalfani hakusimama. "Mfereji bado unanuka," alisema, akaenda zake.

Baada ya hapo ikawa kusubiri. Mwaka ukaisha, ukaisha wa pili, hata wa tano. Aliitwa mara mbili kupiga picha upya, maana za mwanzo zilikuwa zimepitwa na uso wake. Magoti yakaanza kumsumbua, akawa anavisha makochi amekaa kwenye stuli. Siku simu ilipolia, akaambiwa amekubaliwa, alikuwa na misumari mdomoni, akashindwa kujibu haraka. Lililobaki, waliongeza, ni kuukana uraia wa kwanza na kurudisha pasipoti.

Jioni ile alimpigia dada yake Maisa, Mukalla, ndugu pekee aliyebaki. Alimweleza kwa Kiarabu, polepole, kwani maneno mengine yalikuwa yameanza kumtoka.

"Kwa hiyo ukija kwetu utaomba viza," Maisa alisema.

"Nitaomba."

"Uombe kuja nyumba uliyozaliwa."

"Ndiyo, dada."

Maisa akauliza kama miguu bado inamuuma. Wakaongea habari za miguu mpaka salio likakatika.

Aliapa siku ya Alhamisi, akapewa cheti. Farida alikuwa amempikia biriani, akaalika majirani wachache. Baba yake alikula kidogo, akajilaza kwenye kochi na viatu vyake.

"Baba, hujafurahi?"

"Nimefurahi. Nimechoka tu, mwanangu."

Jumatatu alikwenda kuomba kitambulisho cha taifa. Foleni ilifika nje. Saa sita mchana msichana wa dirishani, Anna, alimwamkia shikamoo na kumpa fomu ya kujaza. Muhannad alikaa kwenye benchi, akaiegemeza juu ya bahasha. Jina aliliandika vizuri, na mtaa pia. Alipofika kwenye uraia, mkono ukatangulia wenyewe ukaandika Yemen. Akalitazama neno lile, akalikata kwa mstari, akaandika jipya juu yake na kuirudisha.

Anna aliigeuza huku na huku. "Mzee wangu, hii haitakiwi ikatwekatwe. Samahani. Chukua nyingine."

Muhannad aliipokea. Nafasi yake kwenye benchi ilikuwa imeshakaliwa, basi akaegemea ukuta, akaanza tena kwenye jina.