Safari za Bibi kwa Mujibu wa Kadi

Katika ukoo wetu hakuna aliyemjua Bibi kunishinda mimi. Siku ya kumkumbuka nilitamka hivyo kifua mbele, kwenye kipaza sauti, pale pale maktabani alipofanya kazi miaka arobaini na mitatu.

Bibi alikuwa mkutubi asiyetulia. Likizo ikikaribia, begi lake la ngozi lilitangulia mlangoni. Alipofariki, na miaka yake themanini na tisa, aliacha agizo moja: begi apewe mjukuu atakayeweza kusimulia maisha yake. Tulilitaka wawili, mimi na binamu yangu, msichana anayeweza kulia kwa kuombwa.

Tatizo lilikuwa dogo tu. Kila Bibi aliposimulia safari zake, mimi niliitikia "enhe" huku macho yangu yakiwa kwenye simu. Basi wiki ile nikapekua chumba chake, na chini ya kitanda nikakuta droo ya mbao imejaa kadi. Kila kadi ina maneno ya lugha nisiyoijua, halafu mji, halafu mwaka. Nikajisemea, kijana, mwenyewe amekuandikia!

Siku yenyewe, binamu alianza kusimulia. Akaeleza kivuko kilivyoharibika katikati ya mto, Bibi akawasomea abiria siku mbili mfululizo, na kilipotengenezwa wakagoma kushuka mpaka hadithi iishe. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikaona maji yamezidi unga. Nikapanda jukwaani na kadi yangu.

"Mwaka thelathini na nane," nikaanza, "Bibi alifika mji wa theluji. Akaingia maktaba kuu, akamkuta jenerali anafoka. Bibi akainua kidole kimoja: Shii! Jenerali kimya. Jeshi lake huko nje, kimya!"

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Shangazi, mwenye kukabidhi begi, akalishika mpini. Mimi huyo nikaanza kusogea upande wake.

"Hebu nione hiyo kadi," akasema mzee wa mstari wa mbele. Ni Babu Gundi, aliyekaa meza moja na Bibi miaka yote akibandika vitabu vilivyochanika. Akavaa miwani bila haraka.

"Mjukuu wangu, mwaka thelathini na nane bibi yako alikuwa na miaka mitatu."

"Alianza kazi mapema, Babu."

"Tena mwandiko huu ni wangu. Hizi ni kadi za orodha ya vitabu. Juu jina la kitabu, chini mji kilipochapwa na mwaka. Kompyuta zilipokuja tukataka kuzitupa, yeye akazichukua. Nyuma ni peupe, akasema, hakuharibiki kitu. Umetazama nyuma?"

Sikuwa nimetazama. Akanirudishia kadi na kunisogezea kipaza sauti mdomoni.

"Geuza, usome kwa sauti. Tusikie alifanya nini huko kwenye theluji."

Nikageuza. Ulikuwa mwandiko wa Bibi, wala hapakuwa na shaka.

"Sabuni," nikasoma. "Vitunguu. Viberiti viwili."