Mama Kengele Hafuti Ubao

"Kumi na tisa," afisa wa elimu alisema, akihesabu vichwa kwa ncha ya kalamu kama anayehesabu mafungu ya nyanya. "Kiwango ni ishirini, mwalimu. Ishirini!"

Shule nzima ilikuwa ndani ya chumba kile kimoja: madarasa sita, mwalimu mmoja, ubao mmoja uliogawanywa kwa mistari ya chaki. Hata wa darasa la kwanza, ambao ukiwaona kimya ujue wanaumwa, walinyamaza.

Mlangoni alisimama mfagiaji na fagio lake. Walimwita Mama Kengele, kwa kuwa ndiye aliyegonga rimu ya lori iliyoning'inizwa uani, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuchelewa hata dakika.

"Na matokeo je?" Afisa alifunua fomu. "Mwaka juzi asilimia mia. Mwaka jana sitini na saba. Mmeporomoka kwa theluthi nzima! Shule hii itafungwa, watoto watahamia shule ya ng'ambo ya mto."

"Watahiniwa walikuwa watatu, mheshimiwa," mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Mmoja alipata tetekuwanga siku ya mtihani."

"Fomu haina nafasi ya tetekuwanga. Asiyekuwepo na lake halipo."

Lo! Maneno hayo yalimchoma Mama Kengele. Huyo wa tetekuwanga ni mjukuu wake, yule pale nyuma, anayerudia darasa na sasa kainamisha kichwa kama mwizi. Siku ile mtoto alilia apelekwe mtihanini na malengelenge yake hivyo hivyo. Bibi ndiye aliyemfungia mlango. Shule ya ng'ambo ni mwendo wa saa mbili kwenda, mbili kurudi, na mjukuu ameshasema wakimhamisha, basi tena, haendi. Bibi alijua hatanii. Yeye mwenyewe alisema basi tena akiwa darasa la tatu, shule yao ilipofungwa, na tangu hapo hakushika kalamu, ameshika fagio.

"Bwana afisa, mwaka juzi tulipopata mia, ulikuja kutupongeza?"

"Mama, naongea na mwalimu."

"Na mimi naongea na wewe, mwanangu. Mwaka juzi mtahiniwa alikuwa mmoja. Kafaulu mmoja, mkasema mia. Mwaka jana wamefaulu wawili, mnasema tumeporomoka. Wawili na mmoja, wengi ni wepi?"

Mtoto mmoja aliangua kicheko, akajiziba mdomo.

"Nani kakufundisha asilimia?"

"Ubao."

Ni kweli. Kazi yake ya mwisho kila alasiri ilikuwa kufuta ubao, lakini Mama Kengele hakufuta asichokielewa. Aliketi chini kando ya dawati la nyuma, akakokotoa kwa chaki sakafuni, kisha akapiga deki juu ya majibu yake. Hesabu ikimshinda, aliiacha ubaoni. Mwalimu akiikuta asubuhi, aliifundisha upya, akijua kuwa hata watoto haijawaingia. Jambo hilo wawili hao hawakuwahi kulizungumza.

"Hongera, mama," afisa alisema, akikunja fomu. "Lakini sheria ni sheria. Naandika aliyemo kwenye rejista na aliyekaa kwenye dawati."

"Hivyo tu?"

Aliegemeza fagio ukutani, akapita katikati ya madawati, akaketi karibu na mjukuu wake. Magoti yalimbana. "Mwalimu, niandike. Niliishia la tatu."

"Acha mzaha, mama! Una umri gani?"

"Hiyo fomu ina nafasi ya umri?"

Afisa aliikunjua fomu. Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

Mwalimu alikuwa ameshafungua rejista. "Darasa la nne," alisema kwa nguvu, akiandika. "Nambari ishirini."

"Haya!" Afisa alifoka. "Jumatatu nahesabu tena. Kengele ikilia nafunga mlango mwenyewe. Atakayebaki nje simwandiki!"

Alipoondoka, mwalimu alimwambia Mama Kengele asijali, Jumatatu atagonga yeye.

"Thubutu! Kengele ni yangu."

Jumatatu gari la afisa lilifika mapema. Alisimama mlangoni, kitasa mkononi, akitazama saa. Ndani watoto kumi na tisa walikuwa wameketi wima, na dawati la nyuma lilikuwa na nafasi moja. Uani, Mama Kengele alimtazama afisa, akatabasamu, akainua nondo ya kugongea rimu.

Aligonga mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu aligonga kwa nguvu zake zote, akatupa nondo, akakusanya gauni mikononi na kutimua mbio. Mjukuu wake alishachomoka kwenye dawati, akaweka mguu mlangoni.

"Bibi, kimbia!"

Nyuma ya bibi rimu ilikuwa bado inalia.