Pedali Zinazoomba Dirisha

Saa mbili na nusu asubuhi mkaguzi aliweka barua ya kumi na saba mezani kwa bosi, kando ya kikombe cha chai iliyokwisha poa. Ilitoka kwa mpiga gitaa wa bendi ya harusi. Aliandika kwamba pedali yake ya mwangwi inafanya kazi vizuri: akicharaza gitaa na kukanyaga kisanduku, sauti inajirudia mara mbili kama alivyoahidiwa, na mara ya tatu mwanamke anasema, "Fungua dirisha." Hakuwa na lalamiko. Alitaka tu kujua kama sauti hiyo ina kitufe chake.

"Ni marehemu yule fundi wetu," mkaguzi alisema.

"Najua," bosi alijibu, akiendelea kukoroga chai.

Kiwanda kilikuwa kinatimiza miaka thelathini. Kilianza kwa kushona mikanda ya magitaa, kikaingia kwenye vibanio vya nyuzi, kisha kwenye pedali. Katika muda wote huo hakikuajiri hata mtu mmoja anayejua kupiga gitaa. Bosi mwenyewe alilishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa jirani. Kwa hiyo pedali zilijaribiwa kwa mdomo: fundi akimaliza kulehemu anachomeka maikrofoni, anasema neno lolote, kisanduku kikimrudishia anafunga kifuniko kwa skrubu nne. Wengi walisema "moja, mbili." Mmoja alitaja timu yake ya mpira, mpaka iliposhuka daraja.

Marehemu, aliyekaa meza ya pembeni kwa miaka kumi na mmoja, alisema "Fungua dirisha." Alikuwa akiomba kweli. Dirisha la mbele yake lilipigiliwa misumari, maana upepo ulipoza vyuma vya kulehemu na kupeperusha vipuri vidogo kuliko punje ya mchele. Moshi ukakosa pa kutokea, ukahamia kifuani mwake. Wenzake walimsikia mara arobaini kwa siku, wakadhani anajaribu pedali tu. Kikohozi kilimwondoa.

Wiki moja baada ya mazishi, pedali alizozifunga kwa mkono wake zilianza kusema, popote zilipokuwa. Watu walitii. Mwalimu mmoja wa muziki alifungua madirisha yote sita ya darasa lake na kuyaacha wazi hadi mwisho wa muhula. Jamaa mwingine, ambaye chumba chake hakikuwa na dirisha, alitoboa ukuta.

Binti wa marehemu alirithi meza, chuma na kiti, na tangu mwezi uliopita alikuwa na kikohozi. Alipoitwa ofisini kusomewa barua alijua anachotaka: lile dirisha lifunguliwe kabla naye hajaanza kuongea kutoka visandukuni.

"Mzee," alisema, "mama kashafunguliwa kila mahali. Bado hapa tu."

Bosi alifuta macho. Alikuwa analia kweli, wala haigizi.

"Binti yangu, mama yako katupatia jina la pedali. Nimeshamuweka kwenye kitabu cha historia ya kampuni." Akafungua ukurasa, akamsomea. Ukurasa ulisema kwamba katika mwaka wa thelathini mwasisi, yaani bosi mwenyewe, alibuni pedali iitwayo Dirisha, ya kwanza yenye sauti ya binadamu.

"Na lile dirisha lenyewe je?"

"Vipuri vitapeperuka, mwanangu. Unajua tena."

Binti alipigwa na butwaa. Mama yake kuongea baada ya kuzikwa hakukumshtua. Mama alikuwa mtu wa kurudia jambo mpaka aeleweke. Kilichomshtua ni kwamba huyu mzee alikuwa ameelewa ombi lile tangu mwanzo. Miaka yote hiyo nyumbani walijipa moyo kwamba hakusikia vizuri.

Alirudi mezani kwake. Picha ya mama yake ilikuwa imeshatundikwa, katikati kabisa ya dirisha, kwa msumari mwingine mrefu. Alilehemu pedali ya kwanza ya siku hiyo, akachomeka maikrofoni, akakohoa, akasema, "Fungua dirisha."

Kisanduku kilirudisha sauti yake mara mbili, kisha ya mama yake, kisha kikohozi ambacho hakikujulikana ni cha nani. Mkaguzi alisikiliza kichwa kikiwa upande, akatia tiki kwenye fomu.

"Safi," alisema. "Mnasikika wote wawili."

Binti akakaza skrubu nne.