Picha Tatu za Kuchelewa

Watu wa Ukunda wakinisifu kwamba kazi ya Mombasa niliipata kwa wepesi wa vidole vyangu, mimi hunyamaza. Ningekuwa na haya ningewakatiza.

Mwaka wa 1999 nilikuwa na chumba cha michezo chenye kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya. Nilizinunua hoteli moja ya Diani ilipofungwa, watalii walipokimbia. Tulicheza mchezo wa kulengana risasi, na aliyeniweza alikuwa mmoja tu: rafiki yangu Kaloki, Mkamba aliyezaliwa Shimba Hills, fundi wa baiskeli. Tajiri mmoja wa Mombasa, muuza kompyuta, aliposema atamwajiri mshindi wa mashindano yetu na kumfunza ufundi, kila mtu alijua kazi ni ya Kaloki. Nami nilijua, na iliniuma.

Fainali ikawa kati yangu na yeye, chumbani mwangu, na kwetu mgeni hupewa kilicho bora. Nikamwekea Kaloki kompyuta yenye skrini kubwa, na asubuhi ile nikaingia kwenye mipangilio yake nikawasha kitu cha kulainisha picha, zisikatikekatike. Mama yangu, Bi Mwanarusi, akamwekea mto kitini. Mimi nikakalia kibao mbele ya ile kuukuu. Alamin, mpiga video wa harusi, akasimama nyuma yetu na kamera yake.

Kwenye mchezo nilimuua Kaloki mara nne mfululizo. Akaachia kipanya.

"Iddi, hii inachelewa. Nafinya, inangoja kidogo, ndio inapiga. Tubadilishane viti, raundi moja tu."

"Nimekupa kiti cha mgeni na bado walalama?" nikasema kwa sauti ili chumba kizima kisikie. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua!"

Watu wakaangua kicheko. Kaloki hakucheka. Miaka miwili nyuma, wakati wa fujo za Likoni, nyumba yao ilichomwa kwa sababu ni wabara. Chumba kizima cha wapwani kumcheka hakikuwa mzaha kwake. Nililiona hilo usoni mwake, na sikuinuka.

Nikashinda, nikaenda Mombasa. Kaloki akauza vyombo vyake vya baiskeli na kuondoka Ukunda bila kuniaga.

Miezi minane baadaye Alamin aliniletea kanda ya harusi ya dada yangu Maimuna. Aliirekodi juu ya kanda ya zamani, na mwishoni mwake ilikuwa imebaki fainali yetu. Niliitia kwenye deki nikaisogeza picha moja moja, nijione nikishinda. Kidole changu kilipobonyeza, bunduki ililipuka kwenye picha ya pili. Kidole cha Kaloki kilipobonyeza, ililipuka kwenye picha ya tano. Nikairudisha kanda mara kumi nikitafuta pa kujificha. Tano. Kamera ile huchukua picha ishirini na tano kwa sekunde moja, kwa hiyo picha tatu za ziada ni kama kupepesa jicho. Katika mchezo ule, kupepesa jicho ni kufa.

Nikarudi Ukunda na Alamin. Kwenye ile kompyuta ya skrini kubwa nikazima kile nilichokiwasha kwa mkono wangu mwenyewe, naye akapiga video upya: picha mbili. Kumbe ili zitoke laini, kompyuta ilikuwa ikizishika picha na kuzipanga kwanza kabla ya kuzionyesha. Kuirekebisha kulikuwa kufupi kuliko salamu.

Nilimpata Kaloki katika mji wa Mackinnon Road, akiziba magurudumu ya malori. Nikamweleza yote, na hesabu nikamwonyesha kwenye karatasi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mkono wangu uliniambia siku ile ile," akasema. "Hesabu yako ni sawa, Iddi. Lakini mimi sikukuomba hesabu. Nilikuomba kiti, raundi moja tu. Hiyo haikutaka kamera."

Nikamnyooshea mkono. Akasema wake una mafuta, akaliinamia gurudumu lake.