Upande Aliofanyia Uvivu

Kosa lenyewe lilikuwa dogo: kibao cha choo kilihamia mlangoni pa ofisi ya Makamu wa Mkuu wa Shule. Hukumu ndiyo iliyokuwa kubwa. Kiroboto, binti wa kidato cha pili, alikabidhiwa jembe ang'oe nyasi zote za mteremko ulio nyuma ya nyumba ya Makamu. Ijumaa isipokuta ardhi tupu kama upara, angerudishwa nyumbani akamlete mama yake. Na mama yake ni dereva wa lori, hajui kunong'ona.

Kwa Makamu, usafi ulikuwa udongo mtupu. Jani likiota shuleni, lilihesabiwa utovu wa nidhamu.

Hadi Alhamisi jioni Kiroboto alikuwa amemaliza nusu, na viganja vimejaa malengelenge. Nusu ya pili ilikuwa bado kijani, inamcheka. Ndipo akakumbuka hekima ya bweni: shuka chafu dawa yake blanketi. Akazoa nyasi kavu alizong'oa, akazitandaza juu ya zile hai. Kwa mbali, pamelimwa.

"Shoga, huo ni ulaghai," alisema mwenzake wa kitanda cha juu.

"Ni kutandika tu, mwenzangu."

Alfajiri mvua ikashuka kama iliyotumwa. Ilipokatika, Kiroboto akaitwa. Alikwenda na sanduku lake kabisa, asisumbue watu mara mbili.

Makamu alikuwa amesimama sebuleni, suruali kaikunja hadi magotini. Tope lilikuwa limeingia bila hodi. Ukuta wa nje ulirukiwa na udongo hadi dirishani. Lakini chumbani, chini ya nusu ya mteremko iliyofunikwa, pakavu!

"Mteremko wa juu ya sebule ulilima?"

"Kwa moyo wangu wote, mwalimu."

"Na kule?"

"Kule nilifunika tu, mwalimu. Nyasi zimo, hai."

Makamu akapanda mteremko, akafunua kwa kidole. Chini ya matandazo nyasi zilikuwa zimeushika udongo kama mtoto na titi. Matone yaliangukia majani, yakazama polepole. Upande uliolimwa, mvua ilikuwa imeichapa ardhi uchi na kuichimba mifereji.

Makamu akakohoa kikohozi cha cheo.

"Adhabu inaendelea. Nenda ukafanye uvivu uleule upande huu."

"Wote, mwalimu?"

"Wote! Na hilo sanduku la nini?"

"La kubebea nyasi, mwalimu."